Miti Haikuhamia Peke Yake

Tunapopanda Mlima Kigali msimu wa mvua, hatushangai kukuta uyoga chini ya mikaratusi na misonobari. Lakini umefikaje? Historia ya miti ni historia ya kuvu pia.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliuita ushirika wa kuvu na mizizi mikoriza. Kuvu huupatia mti maji na fosforasi, nao mti huzilipa sukari. Visukuku vya Uskoti vinathibitisha kuwa ushirika huu una umri wa zaidi ya miaka milioni 400.

Kuvu hizo si za aina moja. Za kale huingia ndani ya seli za mizizi, wala hazitoi uyoga. Nyingine, zilizozuka baadaye, huufunika mzizi kama ala ya kisu. Nyingi kati ya hizi hutoa uyoga.

Umuvumu wetu hutegemea aina ya kwanza, msonobari aina ya pili. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika misonobari iliyooteshwa kwa mbegu tupu ilidumaa, mpaka udongo wenye kuvu ulipotiwa vitaluni.

Rwanda ilipokea mikaratusi mwanzoni mwa karne ya 20, na bustani ya miti ya Ruhande, Huye, ikaanzishwa miaka ya 1930. Leo tunahimizwa kurudisha miti ya asili. Basi tusihesabu miche tu. Tuchote pia udongo kidogo chini ya miti mikongwe iliyobaki. Ikikatwa yote, tutautoa wapi?