Nani Anaketi na Nani? Historia Fupi ya Uandikishaji Sekondari

Kila Januari, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaporipoti shuleni, mjadala wetu hujikita katika idadi: wangapi wamechaguliwa, madarasa mangapi yamejengwa, madawati mangapi yamepungua. Mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo, historia inatudai swali la pili: watoto wa nani wanasoma pamoja na watoto wa nani?

Tuchukue mfano wa Shule ya Tabora. Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920 wakiwa na shabaha ya kuwaandaa wana wa watemi na machifu kuutumikia utawala wa kikoloni. Julius Nyerere, aliyejiunga mwaka 1937, alikuwa mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Abdallah Fundikira alitoka katika ukoo wa utemi wa Unyanyembe. Polepole mlango ulipanuka, maana serikali ilihitaji makarani na walimu wengi kuliko ambao koo za kitemi zingeweza kuwatoa. Rashidi Kawawa, mwana wa mwindaji wa tembo kutoka Songea, naye alisoma hapo.

Ukuta wa rangi, hata hivyo, ulibaki palepale. Wazungu, Waasia na Waafrika walikuwa na shule zao mbalimbali, na fedha hazikugawanywa kwa usawa. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa mwaka 1962, na ada ya sekondari ikaondolewa mwaka 1964. Kufikia mwaka 1967, Mwalimu alipoandika Elimu ya Kujitegemea, wanafunzi walikuwa wapatao 25,000.

Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kwa taifa, lakini muundo wake ulikuwa na maana kubwa. Kijana wa Bukoba aliweza kupangiwa Songea, na wa Newala kupangiwa Tabora. Bwenini, mtoto wa mkulima alilala kitanda jirani na mtoto wa waziri. Wengi walijifunza Utanzania hapo kabla hawajausoma katika somo la siasa.

Kuanzia mwaka 2004, shule za kata zilibadili hali hiyo. Zilifungua milango kwa maelfu ya watoto ambao zamani safari yao ingeishia darasa la saba, hasa mabinti ambao wazazi wao wasingekubali waende mbali. Kuondolewa kwa ada mwaka 2016 kukaongeza mafuriko hayo. Anayezibeza shule hizi amesahau tulikotoka.

Lakini tuseme ukweli wote. Mtoto wa kijijini sasa huweza kumaliza kidato cha nne bila kukutana darasani na mwenzake wa mkoa mwingine, huku mwenye uwezo akimpeleka wake shule binafsi. Mkoloni alitutenga kwa ukoo na rangi. Sisi tunaelekea kutengana kwa kata na kipato, bila sheria yoyote kutulazimisha.

Sipendekezi turudi kwenye uchache. Napendekeza shule za kitaifa za bweni zilindwe na ziongezwe, na kila takwimu ya uandikishaji itueleze, pamoja na idadi, wanafunzi hao wametoka wapi na katika kaya za namna gani.