Jina Ndani ya Chumba cha Siri: Historia Fupi ya Watunzi wa Gemu Wanaojitegemea

Mtaani kwetu Temeke kulikuwa na kibanda cha gemu. Televisheni mbili, mashine mbili, na mwenye kibanda kakaa mlangoni anakusanya sarafu. Tulijua majina ya wachezaji wote wa mpira waliokuwamo ndani ya ile gemu, mpaka wa akiba. Lakini sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza: hii kitu nani kaitunga? Wimbo ukipigwa redioni tungebishana mtunzi ni nani hadi giza liingie. Gemu kwetu ilikuwa kama mvua. Ilikuja tu.

Miaka mingi baadaye ndipo nikagundua kwamba swali lile tusilouliza lina historia yake, na historia hiyo inawahusu sana watu wa vitabu kama sisi.

Tuanze na Warren Robinett. Mwaka 1977 kijana huyu wa Kimarekani aliajiriwa na kampuni ya Atari huko California. Siku hizo gemu ya mashine ya nyumbani ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Yeye ndiye anayeibuni, anayeandika programu, anayechora vile vijipicha vya vinukta, na milio ni yeye huyo huyo. Robinett akatunga Adventure, gemu yenye makasri, mazimwi na kikombe cha ajabu kinachotafutwa. Ulimwengu wote ule uliingia katika baiti 4,096. Ukihesabu herufi za makala haya unayosoma utakuta ni nyingi kuliko hizo.

Sasa, Atari haikuwa ikiandika jina la mtunzi. Si kwenye boksi, si kwenye kijitabu cha maelezo. Mrabaha nao hakuna. Gemu iuzwe nakala mia au milioni, mshahara ni ule ule. Robinett hakugoma wala hakwenda mahakamani. Alichofanya ni kuficha ndani ya gemu kinukta kimoja chenye rangi sawasawa na ya sakafu, kiasi kwamba jicho halikioni. Mchezaji akibahatika kukigusa, akakibeba hadi kwenye ukuta fulani, ukuta unapitika. Nyuma yake kuna chumba, na ndani ya chumba kuna maneno yanayosema kwamba mtunzi ni Warren Robinett.

Hakumwambia mtu. Mwaka 1979 aliacha kazi, akaondoka zake. Kampuni ilikuja kujua kwa barua ya mvulana wa miaka 15 aliyekigundua chumba kile akiwa nyumbani kwao. Kutengeneza upya katriji ili kulifuta jina kungegharimu pesa, kwa hiyo likaachwa. Halafu, jambo la kuchekesha, siri hizo zikageuka desturi, na hadi leo watunzi wa gemu hujificha humo humo wanamotunga.

Sisi tuliokulia kwenye mashairi ya Kiswahili tunamwelewa Robinett haraka sana. Mtunzi wa utenzi akifika kaditamati hujitaja: jina lake, pengine na mji wake, pengine na mwaka. Si majivuno. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono kutoka mtu hadi mtu, na ukurasa wa mbele hupotea. Jina lililofungwa kwa vina na mizani halitoki kirahisi, maana ukiling'oa unavunja ubeti. Robinett naye alilifunga jina lake kwa namna hiyo. Kulitoa ilikuwa lazima uvunje katriji.

Mwaka huo huo wa 1979, wenzake wanne wa Atari walichukua njia nyingine. David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead walijua gemu zao zinaiingizia kampuni mamilioni. Waliomba waongezewe na watajwe. Wakakataliwa. Basi wakatoka, wakaanzisha kampuni yao, Activision, iliyotengeneza gemu za mashine ya Atari bila kuwa Atari. Humo jina la mtunzi liliwekwa wazi, na picha yake ikachapwa kwenye kijitabu kama ya mwandishi kwenye jalada la nyuma la riwaya. Crane akatoa Pitfall! mwaka 1982, na watu wakaanza kununua gemu kwa kumfuata mtunzi.

Kwa hiyo vita ya jina ilishindwa mapema. Lakini kujitegemea kuna upande wa pili, nao ndio ulionifanya niandike haya: gharama. Nani anamlisha mtunzi wakati gemu haijaisha?

Twende Uingereza. Mwaka 1982 ilitoka kompyuta ndogo ya ZX Spectrum, iliyoanzia pauni 125. Haikuwa rahisi, ila ilikuwa bei ambayo mzazi angeweza kujibana akanunua, na vijana wakajifungia vyumbani. Gemu zilirekodiwa kwenye kaseti za kawaida, zile zile za muziki, zikatangazwa magazetini na kutumwa kwa posta. Mwaka 1983 Matthew Smith, kijana wa miaka 17, alitunga Manic Miner kwa muda wa wiki nane hivi, ikapendwa nchi nzima. Kwa kuwa hakuwa mwajiriwa wa mtu, baadaye aliweza kuihamisha gemu yake kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Huo ni uhuru ambao Robinett hakuwa nao.

Lakini tazama vizuri. Vijana wale walikuwa huru kwa sababu walikuwa wanakula kwao. Umeme wa baba, chai ya mama, televisheni ya familia nzima. Historia imewapa jina zuri, watunzi wa chumbani, ila haitaji chumba kilikuwa cha nani.

Moscow hali ilikuwa kinyume chake. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov, mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi, alitunga Tetris kwenye kompyuta ya Elektronika 60. Mashine hiyo haikuweza kuchora picha, hivyo vile vipande vinavyoanguka alivitengeneza kwa alama za mabano. Mshahara na mashine vilikuwa vya dola, na haki za kuiuza gemu nje zikasimamiwa na shirika la dola. Tetris ilizunguka dunia, mwaka 1989 ikauzwa pamoja na Game Boy, na jina la Pajitnov likajulikana. Mrabaha alianza kuupata mwaka 1996, akiwa ameshahamia Marekani. Robinett alikosa jina na mrabaha vyote viwili. Pajitnov jina alilipata, pesa akazisubiri miaka 12.

Miaka ya tisini gemu zikanenepa. Zikawa za pande tatu, zikahitaji makumi ya watu na mtaji mkubwa, na duka likawa ndilo mlango mkuu. Aliyetunga peke yake alionekana kama mtu anayeandika riwaya kwa kalamu ya unyoya. Kilichomrudisha ni intaneti. Mwaka 2004 Mjapani Daisuke Amaya alitoa Cave Story, aliyoitunga peke yake kwa miaka mitano katika muda wake wa ziada, akaigawa bure. Miaka michache baadaye masoko ya mtandaoni kama Steam yakawafungulia mlango watunzi wadogo, na gemu ya mtu mmoja ikakaa rafu moja na gemu ya watu mia tano.

Hapo ndipo anapoingia Eric Barone wa Seattle. Alimaliza chuo mwaka 2011, shahada ya kompyuta, kazi akakosa. Akaanza kutunga gemu ya shamba ili ajifunze, na ile gemu ikamteka. Programu aliandika yeye, picha alichora yeye, muziki yeye, hadithi yeye. Picha akishamaliza, anaona mbaya, anachora upya. Miaka minne na nusu. Stardew Valley ilitoka Februari 26, 2016, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa imeuzwa nakala zaidi ya milioni 20.

Hadithi hii husimuliwa kama muujiza wa mtu mmoja. Mwenyewe hasimulii hivyo. Katika miaka hiyo alikuwa akiishi na mpenzi wake, na mpenzi wake ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya matumizi. Barone alichangia kwa kibarua cha jioni, kuwaonyesha watu viti vyao kwenye ukumbi wa maonyesho. Peke yake, ndiyo, mbele ya kompyuta. Lakini si peke yake mbele ya mwenye nyumba.

Nikirudi kwetu Afrika Mashariki, naiona hesabu ile ile, tena kali zaidi. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu. Mwaka 2009 akaungana na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti, wakatunga gemu na katuni zenye mashujaa wa masimulizi ya Kiafrika. Zaana walipoanzia si haba kwa watu ambao jirani yao angewauliza, kwa nia njema kabisa, kama wameshapata kazi.

Nina rafiki Mbagala anayetunga gemu ya bao ya simu. Huu ni mwaka wa tatu. Mchana anatengeneza kompyuta za watu, usiku anaandika programu yake. Bando la intaneti ananunuliwa na dada yake, ambaye huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Dada hajui kucheza bao na wala haulizi programu inaandikwaje. Huuliza kitu kimoja tu: "Mdogo wangu, hiyo gemu inaisha lini?"

Wiki iliyopita nilimsimulia rafiki yangu habari za Robinett na chumba chake cha siri. Akafurahi mno, akaanza kuwaza mahali pa kulificha jina lake kwenye mashimo ya bao. Nikamwuliza kama jina la dada nalo litakuwamo.

Akanyamaza kidogo. Akasema hajafika huko bado, anahangaika kwanza na kete mbili zinazopotea kila mchezaji anapokula.