Dawa isiyosubiri basi la Sumbawanga

Leo historia kidogo. Mwaka 1937, huko Palermo, Italia, Carlo Perrier na Emilio Segrè waligundua elementi ya teknishiamu. Mwaka 1958 maabara ya Brookhaven, Marekani, ikatengeneza mtambo mdogo wa kuikamua kutoka kwenye molibdenamu.

Miaka ya 1970 madaktari walianza kudunga thaliamu yenye mionzi mshipani na kuupiga moyo picha. Baadaye wakatumia teknishiamu. Msuli unaopata damu hung'aa, unaokosa hubaki giza. Giza likionekana baada ya mazoezi tu, msuli bado uko hai. Likiwepo hata mgonjwa akipumzika, mara nyingi umeshakufa.

Tatizo ni muda. Nguvu ya teknishiamu hupungua nusu kila saa 6. Baada ya saa 24 imebaki 1 ya 16. Kwa hiyo anayesafiri ni mgonjwa. Na kamera zake nchini zipo hospitali chache, mfano Ocean Road, Dar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ufipa.

Sumbawanga, tunaambiwa, maana yake "tupa uchawi". Basi mzee akibanwa kifua, tusiseme katupiwa kitu. Wahini hospitali ya karibu. Moyo nao hausubiri basi.