Maduara ya Mfangano: Jinsi ya kuisoma michoro ya kale ya Ziwa Viktoria

MSAFIRI anayetoka Kisumu kwenda Kisiwa cha Mfangano hufika kwanza Luanda Kotieno, akavuka kwa feri hadi Mbita, kisha akapanda mashua. Kisiwani humo, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna michoro ya kale ya miambani katika maeneo mawili, Mawanga na Kwitone. Anayetarajia kuona samaki, mashua au mawimbi atashangaa. Kuna maduara, moja ndani ya jingine, na maumbo yenye miale, yote kwa rangi nyekundu na nyeupe.

Je, hilo ni jua, mwezi au viwimbi vya maji? Macho peke yake hayawezi kuamua. Hata mchoro ulio wazi huhitaji historia. Mholanzi Hendrick Avercamp (1585-1634) alichora umati ukiteleza juu ya mito iliyoganda. Mtu wa Kisumu asiyejua theluji ataona sherehe tu, asitambue kwamba Ulaya ya wakati huo ilikumbwa na vipindi vya baridi kali, na kwamba maji yakiganda mashua za biashara hukwama.

Wataalamu huihusisha michoro ya Mfangano na Watwa, jamii ya wawindaji iliyowatangulia wakulima na wavuvi wa leo. Hoja yao hutegemea ulinganisho: maduara ya namna hiyo yako Nyero, mashariki mwa Uganda, ilhali wachoraji wa Kondoa, katikati ya Tanzania, walipenda zaidi watu na wanyama.

Abasuba walikuja baadaye. Simulizi zao husema mababu walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Hawakuyachora maduara hayo, bali waliyapa kazi, wakapafanya hapo mahali pa kuombea mvua. Jambo hilo lina mantiki yake. Mfangano ni mlima uliochomoza majini, mashamba yake yako kwenye miteremko yenye mawe, na mkulima aliyezungukwa na maji pande zote bado hutegemea wingu. Hata hivyo, dua ya Msuba haithibitishi nia ya Mtwa, na wanaoandika kwamba michoro hiyo ilichorwa ili kuleta mvua huchanganya watu wawili wa nyakati mbili.

Lakini ni imani hiyo ya baadaye iliyoilinda michoro, kwa kuwa mahali patakatifu hapachezewi. Kule Kakapel, Kaunti ya Busia, watu waliandika majina yao juu ya michoro ya mwamba, ikabidi wataalamu waje kuyasafisha.

Mfangano ina makumbusho ya jamii ya Abasuba, ambayo huwapeleka wageni miambani. Kinachopungua ni wasimulizi. Familia nyingi za Abasuba sasa huzungumza Kijaluo nyumbani, na Kisuba kimebaki zaidi vinywani mwa wazee.