Sindano ya uchungu

Kwa msiopafahamu, Tongoni iko kusini mwa Tanga mjini, kama kilomita 17 hivi ukishika barabara ya Pangani. Watu huenda kuangalia magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo, zaidi ya 20. Mimi niliwaza jambo jingine kabisa: wanawake wa mji huu walizaa vipi, tangu kabla Vasco da Gama hajapita mwaka 1498?

Jibu la pwani tunalijua kwa bibi zetu. Mkunga, mafuta ya nazi, kukandwa kiuno, dua, na kombe la zafarani likikwama jambo. Na mtu wa kumshika mzazi mgongoni.

Bara kulikuwa na mengine. Mwaka 1879 huko Kahura, Bunyoro, daktari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mwanamke akipasuliwa na kutolewa mtoto hai. Kabla ya kisu alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusunusu. Siku 11 baadaye mama na mwana walikuwa wazima! Felkin aliyaandika hayo katika jarida la Edinburgh mwaka 1884. Ni Edinburgh hiyohiyo ambako James Young Simpson alianza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847, huku wengine wakimpinga kwa kutumia kitabu cha Mwanzo. Kelele zilipungua baada ya Malkia Victoria mwenyewe kuivuta mwaka 1853, akimzaa Leopold.

Klorofomu imeshastaafu. Leo kuna pethidini, sindano ya bei nafuu, lakini humpa mama usingizi na kichefuchefu, na ikichomwa karibu na kujifungua mtoto anaweza kuzaliwa mzito wa kupumua. Kuna gesi ya nitrasi oksaidi iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni. Mama hushika kifaa mwenyewe, akiacha kuvuta inaisha ndani ya dakika chache. Haiondoi maumivu yote, ila inasaidia kuyavumilia. Kisha epidurali, ya mgongoni, ambayo kwa nguvu hazifikii hizo nyingine. Inaweza kushusha presha na kurefusha muda wa kusukuma, tena inamtaka mtaalamu wa usingizi na mtu wa kumwangalia mama muda wote. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia, maana mtaalamu huyo huyo anasubiriwa chumba cha upasuaji.

Sasa sikilizeni Kiswahili chetu. Ukisema "sindano ya uchungu" wodini, watu wanaelewa ile ya kuuongeza! Ya kuupunguza haina hata jina la mtaani. Na zile dawa za miti za kuharakisha uzazi nazo zinaongeza, tena bila kipimo, na zinaweza kupasua kizazi. Hizo msizichanganye na kukandwa kiuno.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza epidurali na sindano za jamii ya pethidini kwa mwanamke mzima wa afya anayezihitaji. Katika mapendekezo hayohayo limo suala la kukandwa, kitambaa cha moto, na mtu wa kuwa naye ambaye mama amemchagua mwenyewe. Huyo wa mwisho hana gharama, lakini bado kuna wodi ambazo mama mkwe huishia getini na kapu lake la chai.

Dada unayekaribia tarehe, uliza kliniki mapema: kuna nini cha kupunguza maumivu, nani atakuwepo usiku wa kukupa, na nani anaruhusiwa kuingia na wewe.