Bati lilipofika Turkana

Jamani, nimekuwa kimya wiki tatu hivi. Nilikuwa Lodwar kumwekea mtu programu ya hesabu za duka, na siku ya kwanza, saa nane mchana, kompyuta ilijizima yenyewe. Nikadhani ni kosa la programu yangu. Nikapekua mstari kwa mstari, wapi. Mwenye duka akacheka: "Injinia, hata mimi saa hizi huzima." Akaninyoshea kidole juu. Bati tupu, bila dari, linachomwa na jua tangu asubuhi. Akapanda mezani, akabana katoni chini ya boriti. Kesho yake mashine ilifanya kazi hadi jioni.

Katoni hiyo ndiyo iliyonitia hamu ya kujua bati lilifikaje huku, na watu waliishije kabla yake.

Bati la migongo ni kitu cha Uingereza. Henry Robinson Palmer alilipatia hataza London mwaka 1829, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kupaka chuma zinki kisishike kutu. Tangu hapo likasafiri na dola: jepesi, hupangika melini, halitaki fundi mkubwa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ule ulianza kwa mahema na mabati. Lakini bati hukinga mvua, si joto, na Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka mzima, huku joto la mchana likicheza kwenye nyuzi 35.

Nyumba ya Kiturkana ni kuba la matawi lililofunikwa majani ya mkoma. Upepo hupita, na kati ya jani na jani kuna hewa iliyotulia. Hapo ndipo siri ilipo: chuma hupitisha joto mara 2,000 hivi kuliko hewa iliyotulia. Mzungu anayelala ndani ya gari lake la safari kwenye baridi anaijua shida hii kwa upande wa pili. Pumzi yake hugonga bodi na kugeuka maji. Watu wa Limuru hawahitaji kuambiwa. Alfajiri bati hutoka jasho likadondokea blanketi. Ugonjwa ni ule ule: kati yako na bati hakuna kitu.

Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa wakati wa ukoloni, mgeni haingii bila kibali, na Lodwar kilikuwa kituo cha serikali ambako Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini kati ya mwaka 1959 na 1961. Kisha ikaja njaa ya mwanzo wa miaka ya 1960, na nyuma yake wamisionari wa Kikatoliki na shule na zahanati zao. Bati likawa alama ya serikali, ya misheni, ya mtu aliyeamua kutohama tena. Hata sensa ya mwaka 2019 iliuliza paa ni la nini. Haikuuliza ndani kuna joto kiasi gani!

Kakuma ilianza mwaka 1992, na wavulana wa Sudan waliotoka Ethiopia baada ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Walioanza chini ya maturubai baadaye walijenga kuta za matofali ya udongo, ambazo ni nzuri kwa joto, kisha juu yake bati. Sisemi walikosea. Majani huwaka upesi, mchwa huyala, na kukata miti kuliwagombanisha wakimbizi na wenyeji. Mfugaji anayehama hujenga upya. Aliyefungiwa kambini miaka 20 afanyeje? Leo Kakuma na Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016, zina watu zaidi ya 200,000, na mtoto anayesoma mchana anasoma chini ya bati.

Kilichonifurahisha kama mtu wa kompyuta ni chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka 2021. Francis Kéré wa Burkina Faso alikichora kwa kuiga vichuguu vya mchwa: hewa ya moto hupanda na kutokea minara mirefu, hewa ya baridi huingia chini, na mashine hupumua.

Mwenye duka hawezi kujenga mnara. Yeye aliacha nafasi ya kiganja kati ya katoni na bati, akaiacha wazi pande zote mbili ili hewa ya moto itoke. Kuigandisha katoni kwenye bati, alisema, ni kazi bure. Jana kaniandikia kwamba mchwa, hawa hawa wa Kéré, wameifikia. Anauliza magunia ni bei gani Kitale.