Sayari za Jioni katika Anga la Upare

Mtu asimamaye Same mjini jua linapokuchwa, akiipa kisogo milima ya Pare Kusini, huona nyika imetanda mbele yake. Milima hiyo huzichelewesha nyota zichomozazo mashariki. Magharibi ni peupe zaidi, na huko ndiko Zuhura hung'aa, katika majira yake, kabla giza halijaingia. Zuhura haiachani na jua kwa zaidi ya digrii 48, hivyo usiku wa manane haionekani kamwe huku kwetu. Ile nyeupe kubwa isiyometameta, iliyo juu saa sita ya usiku, aghalabu ni Mshtarii. Mirihi ina wekundu. Zohali ni ya manjano hafifu, nayo huizunguka mbingu kwa miaka 29 na zaidi.

Isipokuwa Ng'andu, jina la zamani la Zuhura, majina haya yalitoka kwa Waarabu, yakakaa pwani kwa mabaharia na wanajimu. Hao walizijua pia buruji 12, yaani makundi ya nyota yaliyo katika njia ya jua. Yalipoingia vitabuni yalivurugika. Viko vitabu vya shule viitavyo Mshtarii "Sumbula" na Zohali "Sarateni", hali Sumbula ni buruji ya Mashuke na Sarateni ni ya Kaa. Utaridi nayo imeitwa "Zebaki". Hapa mfasiri amejifichua: Waingereza huita sayari hiyo na ile metali ya majimaji kwa jina moja, naye alitazama kamusi, hakutazama juu.

Si kosa dogo kwa mwanafunzi anayetoka nje na kitabu chake. Kati ya mwaka 1623 na 2020 ilipita karibu miaka 400, na katika muda huo wote Mshtarii na Zohali hazikupata kukaribiana kama zilivyofanya jioni ya tarehe 21 Desemba 2020: umbali kati yake ulikuwa kama sehemu moja ya tano ya upana wa mwezi. Palipokosa mawingu, zilionekana magharibi baada ya jua kutua, Same kama kwingineko. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hizo ni Sumbula na Sarateni alikuwa akitazama jambo lisilowezekana. Buruji hizo mbili hazisogeleani, na katikati yake imekaa Asadi, yaani Simba.